Gari la Mlango wa Kitanda

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya mazingira, kwa sababu niliahidiwa chakula cha mchana. Kijana mmoja aliyeegesha miwani ya jua juu ya nywele alitueleza kwamba kumiliki gari kongwe si lazima iwe anasa. Ukilitunza, ukalikarabati badala ya kununua jipya, ukalitumia kwa nadra na ukaligawana na wenzako, alisema, unaipunguzia dunia mzigo. Watu wakaandika. Mimi nikapiga makofi, kisha nikaduwaa mbele ya sahani yangu ya pilau. Kumbe miaka yote ile ya Ujamaa nilikuwa mtetezi wa mazingira, na hakuna aliyenipa hata cheti.

Tatizo ni kwamba sie wakati ule hatukuiita mazingira. Tuliiita "hakuna". Hakuna lilikuwa jibu la kila duka la vipuri kuanzia mjini hadi Temeke. Mkanda wa feni? Hakuna. Plagi? Hakuna. Betri? Jaribu mwezi ujao, na mwezi ujao muuzaji alikuwa akikuona kwa mbali anaanza kutikisa kichwa kabla hujavuka barabara, ili kukuokolea safari. Katika hali hiyo gari halikuweza kufa. Kufa kulihitaji gari jingine la kuchukua nafasi yake, na hilo nalo halikuwepo.

Gari langu nililinunua kwa mhadhiri mmoja Mwingereza aliyekuwa amemaliza mkataba na anarudi kwao na vinyago viwili na malaria. Lilikuwa dogo, la kijivu, lenye mgongo wa kobe, na lilikuwa limeanza kuzeeka wakati mimi bado nasoma shule ya kati. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi, nimepata meza katika wizara, nimepanga vyumba viwili Temeke kwenye nyumba ya Kiswahili, na nilitaka watu wanione nikishuka kwenye kitu. Siku ya kwanza walinikuta nikishuka, kweli, kwa sababu lilizimika mita chache kabla ya nyumba.

Wiki ileile balozi wa nyumba kumi akaita kikao. Alikuwa mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini, na sauti yake ilibaki ya mtu anayeamrisha winchi. Lazima nieleze kwamba siku zile kumiliki kitu chenye magurudumu manne kulihitaji maelezo. Kwenye vikatuni vya magazeti mnyonyaji, yule aliyeitwa kupe, alichorwa na tumbo kubwa, na karibu kila mara alichorwa na gari.

"Ndugu msomi," balozi akasema, "tumeona kitu pale nje."

"Ni gari, mzee."

"Hilo tumeona. Tunauliza ni la nini."

Mtu mwenye akili angejibu kwamba ni la kwendea kazini. Mie nilikuwa na shahada. Nikasimama, nikanyoosha ukosi, nikaeleza habari za njia kuu za uchumi, na nilipoona watu wanaanza kusinzia nikamalizia kwa kishindo: gari hili, ndugu zangu, si langu. Ni letu sote.

Nilitarajia makofi, na yalikuja. Ambacho sikukitarajia ni kwamba walikuwa wanasikiliza.

"Hata mie?" akauliza mama mmoja kutoka mlangoni. Alikuwa mjane anayeuza vitumbua, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta.

"Hata wewe, mama."

"Basi mbona mlango wangu mmoja umeoza?"

Ndipo nilipoanza kujifunza tofauti kati ya ujamaa wa vitabuni na ule wa mtaani kwetu. Wa vitabuni watu hugawana mapato. Sie tulianza na kugawana kutu.

Mlango aliousema mama ulikuwa wa kushoto, wa abiria, na haukuwa umeoza tu. Ulikuwa umebaki kitasa na nia. Chini nako sakafu ilikuwa imelika kiasi kwamba aliyekaa mbele alipaswa kuinua miguu kwenye madimbwi. Mtaani kwetu aliishi fundi seremala, mtu wa kusini, aliyekuwa akitengeneza vitanda kandokando ya barabara kule Keko. Alilizunguka gari, akatoa penseli sikioni, akairudisha bila kuandika chochote.

"Sakafu nakuwekea mninga," akasema. "Gari likifa, unaing'oa unalala."

"Na mlango?"

"Mlango ninao tayari."

Mlango aliokuwa nao tayari ulikuwa ubao wa kichwani wa kitanda. Mteja fulani alikiagiza kwa ajili ya kuoa, uchumba ukavunjika, na fundi akabaki na ubao uliochongwa mauridi pembeni na katikati ndege wawili waliogusanisha midomo. Aliukata kwa umbo la mlango, akaacha ndege, akaupaka vanishi. Kuanzia siku ile, kwa upande wa kulia nilikuwa na gari la Kiingereza, na kwa upande wa kushoto nilikuwa na chumba cha maharusi. Wizarani wenzangu walinishauri niegeshe upande wa kushoto ukielekea ukutani.

Mengine yakafuata bila kikao. Viti vilivyotoboka vilijazwa sufi kutoka kwenye mti uliokuwa nyuma ya nyumba ya balozi, na ukifungua madirisha yote kwa pamoja ulifika kazini umevaa mvi. Kioo cha nyuma kilipopasuka tuliweka wavu wa kabati la chakula. Mkanda wa feni ulipokatika tulisokota kipande cha kanga kuukuu, kikatufikisha nyumbani, nasi tukakiacha hapohapo kwa sababu kilikuwa kimeshazoea. Oili chafu ilipakwa kwenye nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Na tairi lililokataa kiraka cha mwisho lilikwenda kwa fundi viatu, likarudi likiwa katambuga, hata ikafika wakati nusu ya mtaa ilikuwa ikitembelea matairi yangu, wakati mimi mwenyewe naenda kazini kwa miguu kwa kukosa tairi.

Honi ndiyo iliyokuwa ya mwisho kufa. Asubuhi moja mama wa vitumbua alikuja na kengele ya baiskeli ameifungia kwenye upindo wa kanga.

"Mama, kengele ya baiskeli kwenye gari?"

"Ulisema letu sote. Basi hiki ndicho changu."

Tukaifunga karibu na usukani, na siku hiyo akanieleza ilikotoka. Ilikuwa ya baiskeli ya marehemu mumewe. Alipoolewa, alipelekwa kwa mumewe amekalishwa kwenye karia ya baiskeli hiyo, na njiani mnyororo ukauma kanga yake, ukaitafuna hadi magotini. Akaingia ukweni na kanga iliyochanika na grisi mguuni. Mlangoni alikuwa amesimama wifi yake, dada wa mume, pamoja na wanawake wengine. Wifi akacheka. Kucheka si kitu. Mtu hucheka ikaisha. Huyu alikihifadhi kicheko chake, na kila harusi iliyofanyika kwenye ukoo alikitoa upya, mbele ya watu, kwa maelezo yaliyozidi kuongezeka. Katika maelezo ya mwisho niliyoyasikia mimi mwenyewe, bibi harusi aliingia ukweni amebeba mnyororo.

"Nimeapa," mama akasema, huku akijaribu kengele kwa kidole gumba. "Binti yangu ataingia kwa mumewe ndani ya gari. Na yule mwanamke atakuwepo, aone."

Binti yake mkubwa alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo na alikuwa ameposwa na fundi cherehani wa Buguruni. Hapo nikaelewa kwamba kengele haikuwa mchango. Ilikuwa tiketi.

Ndoa ilifungwa Ijumaa msikitini, na bibi harusi akapangiwa kupelekwa kwa mumewe Jumapili, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ambayo wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wanapumzika. Tatizo la Jumapili lilikuwa moja. Mafuta yalikuwa adimu, na serikali ilikuwa imekataza magari ya watu binafsi kuonekana barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Tukakubaliana tutoke saa sita. Nilikuwa na petroli kwenye galoni uvunguni mwa kitanda, niliyoitunza hadi ndoto zangu zikanuka. Tangu asubuhi gari lilioshwa, likavishwa maua ya asumini na misumari ya fundi ikapigwa tena. Mama alivaa katambuga mpya. Alinigongea mlango mara kwa mara kuniuliza kama kuna lolote limekatika.

Upande wa bwana harusi ulifika mapema, na tarumbeta. Bibi harusi akatolewa chumbani amefunikwa, akaingizwa kwenye kiti cha nyuma pamoja na somo wake, yule mama wa makamo aliyemfunda. Nikakaa kwenye usukani. Nikashika ufunguo. Na hapo wifi mtu, ambaye kwa bibi harusi ni shangazi, akapanda juu ya boneti akakaa.

Hakuwa mwanamke mwembamba. Gari liliinama mbele kama linaswali.

"Mie ni shangazi mtu," akasema. "Mtoto wa kaka yangu hatoki mpaka nipewe haki yangu."

Hilo lilikuwa sawa kabisa na lilitarajiwa. Shangazi huzuia njia, upande wa mume hutoa doti ya kanga, shangazi hupisha. Ni jambo la kucheka na kuimba kidogo. Bwana harusi, ambaye kwa kazi yake alitakiwa kuwa mtu wa mwisho kukosea kwenye nguo, akasogea na kanga zake zilizokunjwa vizuri. Shangazi akazikunjua. Akainua moja juu, kisha nyingine. Moja ilikuwa na mikorosho, nyingine ilikuwa na mananasi.

"Hii ni doti," akauliza, "au ni watoto wa kambo?"

Wanawake wakaangua kicheko. Bwana harusi akaeleza, kwa sauti ya chini, kwamba dukani alipanga foleni tangu alfajiri na alipofika mbele vilikuwa vimebaki vipande viwili tu, kila kimoja cha mama yake.

"Pole," shangazi akasema. "Mie nitangoja."

Na kweli alingoja. Doti ni vipande viwili pacha. Ukitoa visivyofanana ni kama umempa mtu kiatu kimoja cha kushoto na kingine cha kushoto cha mtu mwingine. Kwa hiyo ndugu za bwana harusi wakatawanyika mtaa kwa mtaa, wanagonga milango, wanauliza kama kuna mwenye nanasi la pili au korosho ya pili. Tarumbeta zikapiga, zikachoka, zikapumzika. Bibi harusi akaletewa maji ndani ya gari. Somo akasinzia. Shangazi alikuwa bado juu ya boneti, amefungua mwamvuli, na kila alipoona mama anatazama jua, aliuzungusha mwamvuli wake kidogo.

"Wifi, una haraka?" akamuuliza. "Hukuwa na haraka hivi siku ile ya mnyororo."

Mama alikwenda kupangusa vumbi kwenye mlango wa ndege.

Kanga ya pili ilipopatikana, kwa mke wa fundi viatu, mpya kabisa, aliyokuwa ameificha kwa ajili ya harusi ya mwanawe mwenyewe, kulikuwa na majadiliano marefu kuhusu namna ya kumrudishia. Mwishowe shangazi akapokea mananasi mawili pacha. Akateremka. Boneti ikapumua. Na kutoka kwenye baraza la balozi redio ikatangaza kwamba sasa ni saa nane kamili.

Sote tulisikia. Nilikuwa nimeshageuza ufunguo nusu.

"Zima," balozi akasema.

"Mzee, ni Buguruni tu hapo."

"Ndugu msomi, mie ni balozi. Nikikuacha, kesho nitamwambia nani nini? Zima, na ufunguo nipe."

Nikampa. Akautia kwenye mfuko wa kanzu. Shangazi akatazama watu wote, mmoja mmoja, kama mtu anayehakikisha wameketi vizuri.

"Basi aende kwa miguu," akasema. "Buguruni si Mtwara." Kisha, baada ya kufikiri kidogo: "Au tutafute baiskeli."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona mama akisimama palepale, mkono mmoja juu ya ndege wa mlangoni. Nilikuwa najiandaa kusema jambo la hekima kuhusu hali ya uchumi wa dunia. Yeye akajifunga kanga kiunoni, kwa nguvu, kama anayekwenda kugombana, akazunguka nyuma ya gari na kuweka mikono yote miwili juu ya buti.

"Redio imekataza kuendesha," akasema. "Kusukuma sijasikia."

Akasukuma. Gari halikusogea, maana handibreki ilikuwa imefungwa, na ni mie niliyekuwa nimeifunga. Nikaiachia. Likasogea kidogo, kiasi cha unyayo. Fundi wa Keko akatupa sigara yake, akaenda kusimama pembeni mwa mama. Kisha fundi viatu. Kisha balozi, na ufunguo wake mfukoni, akisema anakwenda kuhakikisha tu kwamba sheria inafuatwa. Kisha bwana harusi mwenyewe, ingawa alikatazwa na kila mtu. Tarumbeta zikaamka. Shangazi akaona gari linaondoka bila yeye, akakimbia, akafungua mlango na kujibana nyuma karibu na bibi harusi.

"Mmeamua kumpeleka na kitanda kabisa," akasema alipoona mauridi kwa karibu.

"Shangazi, shuka tupumue," fundi akaomba kutoka nyuma.

"Mie ni haki ya bibi harusi. Sukumeni."

Ndivyo tulivyotoka Temeke. Mbele tarumbeta, kisha wanawake na vigelegele, kisha gari lisilo na sauti, na nyuma yake wanaume wanaobadilishana zamu. Mimi nilikuwa kwenye usukani nimevaa suti, sina ninalofanya zaidi ya kukunja kona na kupiga kengele. Kengele ndiyo kitu pekee ndani ya gari lile ambacho hakikuhitaji betri, petroli wala kibali. Watu walitoka majumbani. Waliokuwa kwenye bao waliacha kete. Wengine waliuliza limeharibika nini, wakaambiwa halijaharibika, ni Jumapili; nao wakaingia kusukuma kidogo hadi mwisho wa mtaa wao, wakarudi.

Tulipopita Keko mafundi wachache waliokuwa wakifanya kazi siku ya mapumziko walisimamisha randa zao wakautazama mlango. Fundi wetu aliacha kusukuma, akaenda kuwaelezea jinsi alivyoukata. Tulipata kona mbili bila yeye. Aliporudi alikuwa na oda ya kitanda.

Kabla ya kufika Buguruni barabara iliteremka. Si mteremko wa kutisha. Ukiwa kwa miguu huuoni. Lakini gari lenye sakafu ya mninga na shangazi ndani huuona. Nilihisi mikono ya watu ikiachana na buti. Nikasikia katambuga zikikimbia, kisha zikibaki nyuma. Nikakanyaga breki, na breki ikanijibu kwa heshima lakini bila haraka, kwa sababu siku zile mafuta ya breki nayo yalikuwa hakuna, na tulichoweka badala yake sitakitaja mbele ya watoto. Nikapiga kengele. Tarumbeta zikaparaganyika kushoto na kulia. Nyuma yangu shangazi alikuwa ameanza dua, na somo aliyekuwa amesinzia tangu saa sita aliamka akauliza kama tumefika.

Chini kabisa alisimama askari wa barabarani, mkono juu.

Nilisimama. Nilisimama karibu naye zaidi kuliko tulivyotarajia wote wawili.

"Saa ngapi sasa?" akauliza.

"Saa tisa na kitu, afande."

"Na leo siku gani?"

"Jumapili."

"Basi umejihukumu mwenyewe. Ufunguo."

"Sina."

"Gari linatembea na ufunguo huna?"

"Anao balozi wetu. Yuko nyuma anakuja, alikuwa anasukuma."

Akaweka kiganja juu ya boneti, akakiondoa haraka. "Injini ya moto hii."

"Ni jua, afande."

"Ni mie," shangazi akasema kupitia dirishani. "Niliikalia tangu saa sita."

Hapo ningenyamaza. Badala yake nilimweleza afande kwamba lengo la katazo ni kuokoa fedha za kigeni; kwamba nishati iliyotufikisha pale ilikuwa ya ugali na maharage, mazao ya ndani; na kwamba kwa mtazamo huo msafara wetu ulikuwa unatekeleza sera kuliko unavyoivunja. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia fundi, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika anahema.

"Huyu ana nini?"

"Ana shahada," fundi akasema.

Balozi naye akafika, akautoa ufunguo na kuuinua juu kama anayeonyesha kura iliyoharibika. Askari akautazama, akalitazama gari: wavu wa kabati, asumini iliyonyauka, ndege wawili wanaogusanisha midomo. Aliinama akaangalia chini, nadhani kutafuta moshi. Mama alifika mwisho. Alikuwa ameteremka kilima chote kwa hatua za haraka, vumbi mpaka kwenye kope, na kwenye kanga yake ya harusi kulikuwa na doa jeusi alilolipata kwenye bampa.

"Shikamoo mama," askari akasema.

"Marahaba mwanangu." Akapumua kwanza. "Binti yangu anaolewa. Gari ukitaka kulikamata, likamate. Lakini likamatie Buguruni, mlangoni kwa mkwe."

Askari akavua kofia, akajikuna, akaivaa.

"Anayeruhusiwa kushika usukani saa hizi ni mtu aliye kwenye kazi maalumu," akasema, na akanigeukia mimi. "Wewe una kazi gani?"

"Mchumi."

"Shuka."

Nikashuka. Akaingia yeye, akasogeza kiti nyuma, sufi ikaruka ikatua kwenye mabega yake. Akashika usukani kwa mikono miwili.

"Mie niko kazini," akasema. "Sukumeni."

Nikaenda nyuma. Palikuwa na nafasi moja kati ya balozi na mama, nikaweka mikono. Nilikuwa namiliki lile gari kwa muda mrefu na sikuwahi kulisukuma katika safari ndefu. Siku zote nilikuwa ndani, wengine ndio wakisukuma. Lilikuwa zito ajabu. Kupitia wavu niliona kichwa cha bibi harusi kilichofunikwa, mwamvuli wa shangazi, na mbele yao kofia ya serikali ikigeuka kushoto na kulia.

"Karibu, mwanangu," mama akasema pembeni yangu. "Gari letu zito, eh?"

Askari alipiga kengele kila kona, na mahali pengine ambapo hapakuwa na kona. Tukaingia Buguruni na mkia wa watu mrefu kuliko tuliotoka nao Temeke. Mbele ya nyumba ya mkwe wanawake wa upande wa pili walikuwa wamesimama mlangoni, kama wanavyosimama siku zote, tayari kumtathmini mtoto wa watu. Walimwona askari akishuka, akazunguka, akafungua mlango wa ndege. Bwana harusi, shati limemganda mgongoni, akatandika chini ile kanga ya kambo iliyobaki, korosho isiyo na pacha, maana haikuwa na kazi nyingine; na bibi harusi akaikanyaga, akaingia ndani kwa mumewe bila mguu wake kugusa mchanga.

Mama hakupiga vigelegele. Alisimama kando ya bampa, anatazama miguu ya binti yake tu.

"Mmekuja na polisi?" mmoja wa wanawake wa mlangoni akauliza.

Shangazi ndiyo kwanza alikuwa anajikwamua kutoka kwenye kiti cha nyuma. Akajinyoosha, akatengeneza mananasi yake mabegani.

"Sie kwetu," akasema, "bibi harusi anapelekwa na dereva wa serikali."

Nilimwangalia mama. Alikuwa amefunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yanatikisika.

Gari lililala Buguruni, maana marufuku ilikuwa inaendelea mpaka Jumatatu alfajiri, na ufunguo balozi aliusahau mfukoni akaondoka nao. Tulirudi Temeke kwa miguu jua likiwa limeshuka, katika makundi madogomadogo, kila kundi likisimulia upya mteremko. Mama alitembea na mimi. Mikono yangu ilikuwa imevimba na suti yangu ilikuwa na oili mahali ambapo suti haipaswi kuwa na oili. Nikaona nimwombe radhi. Nikamwambia kama si zile kanga tungewasha, na tungekuwa tumefika kitambo, mara moja tu.

Alisimama akakung'uta mchanga kwenye katambuga yake. Kwa mbali niliyatambua meno ya tairi langu la nyuma.

"Nani kakwambia nilitaka kufika mara moja?" akasema. "Gari likiwaka si linapita tu? Mtu anageuka kutazama, limeshapotea. Hili wameliona Temeke, wameliona Keko, Buguruni nzima imeliona. Wifi yangu amelikalia."

Tukaendelea kutembea. Baada ya muda akasema, kwa sauti ya mtu anayepanga mambo ya kawaida ya nyumbani:

"Mdogo wake naye anaolewa mwezi wa mfungo sita. Hiyo petroli yako kapikie chai. Msiliwashe."